Mwalimu ana kadi ya bima, mbona bado anaumwa?

Tangu habari za Bima ya Afya kwa Wote zianze kuzungumzwa kila mahali, kuna swali nimelisikia kwenye daladala, kwenye kikao cha ukoo na kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: walimu si wana bima siku nyingi, sasa wanalalamikia afya gani tena? Anayeuliza hana nia mbaya. Ameona kadi, na kwa Mtanzania asiye na kadi, mwenye nayo anaonekana amemaliza. Ila swali lenyewe limefunga kwenye furushi moja mambo matatu tofauti: matibabu, usalama kazini na ukuzaji wa afya. Yakibaki yamefungwa hivyo, mwajiri anaonekana ametimiza wajibu wake wote siku alipoanza kulipa mchango wa bima.

Chukua bodaboda. Ina stika ya bima, ina breki, ina oili. Bima inaanza kufanya kazi ajali ikishatokea. Breki zinazuia ajali. Oili ikibadilishwa kwa wakati, injini inadumu. Hakuna dereva atakayekwambia kwamba kwa kuwa amelipia bima, basi breki anaziacha zilivyo na oili ataweka mwakani. Kwa watumishi wa shule tunasema hivyohivyo kila siku, na hakuna anayeshtuka.

Bima ya mwalimu wa serikali ni NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali. Mwalimu hukatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaongeza asilimia 3, na wananufaika yeye, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne. Ni jambo kubwa. Aliyewahi kuuza mbuzi ili mama yake afanyiwe upasuaji hawezi kulidharau.

Breki ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini. Ukitaja OSHA watu wanafikiria mgodi, kiwanda na kofia ngumu, lakini shule nayo ni mahali pa kazi. Na breki zikishindwa kuna WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaohudumia sekta ya umma na sekta binafsi Tanzania Bara. Mchango wake unalipwa na mwajiri peke yake; mfanyakazi hakatwi hata senti, na nadhani ndiyo maana wengi hawajui kama wamo. Mwalimu akianguka akiwa juu ya meza anatundika chati darasani, ameumia kazini. Atoe taarifa kwa mwajiri mapema, fomu zijazwe, asikimbilie kadi ya NHIF kana kwamba ameteleza bafuni kwake.

Oili ndiyo hiyo inayoitwa ukuzaji wa afya. Shirika la Afya Duniani, kwenye mkutano wa Ottawa, Kanada, mwaka 1986, lilieleza kuwa ni mchakato wa kuwawezesha watu kuwa na mamlaka zaidi juu ya afya yao na kuiboresha. Neno la kushika hapo ni mamlaka. Kumpa mtu elimu ya kunywa maji mengi bila kumpa choo ni kumwambia kitu asichoweza kukifanya.

Nimekiona hicho kwa macho yangu. Kuna shule ya msingi moja niliyofika na muuguzi wa zahanati, mapumziko ya saa nne, kwa ajili ya kuwapima walimu presha. Ofisi ya walimu ilikuwa na chupa za maji juu ya karibu kila meza, na karibu zote zilikuwa zimejaa. Nikamuuliza mwalimu mmoja, mama wa makamo, kama maji yana shida. Akasema, "Maji ni mazuri. Nikiyanywa nitaenda wapi?" Choo cha walimu kilikuwa kimoja, mlango hauna komeo, na ukiingia lazima umsimamishe mtu nje. Kwa hiyo yeye hunywa chai asubuhi nyumbani, halafu basi, mpaka saa tisa alasiri. Alishatibiwa maambukizi ya njia ya mkojo mara tatu ndani ya mwaka mmoja, na mara zote tatu kwa kadi ya bima.

Mkojo ni mto unaosafisha njia yake. Ukinywa maji na kwenda haja kila unapobanwa, bakteria wanasombwa kabla hawajajenga kambi. Ukikaa saa nane bila kunywa, mkojo unakuwa mchache, mzito, umetuama, nao wanazaliana wakiwa wametulia. Wanawake wanaathirika zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi. Viwango vyetu vya shule vinataja tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25, na wakaguzi na wazazi wanayahesabu matundu hayo kweli. La mwalimu linasahaulika. Komeo la mlango ni bei ya soda chache. Dozi tatu za antibayotiki, vipimo vyake na siku za kukosa vipindi ni ghali zaidi, ila zimelipwa kutoka mfuko mwingine, kwa hiyo shuleni hakuna aliyeona hasara.

Twende kwenye koo, jembe la mwalimu. Sauti inatengenezwa na nyuzi sauti mbili ndogo kooni ambazo hewa ya mapafu inapopita hugongana: kwa mwanamke kama mara 200 kwa sekunde, kwa mwanamume kama mara 120. Piga hesabu ya kipindi cha dakika 40. Mwalimu wa kike akiongea nusu tu ya kipindi, nyuzi zake zimegongana karibu mara 240,000, na hicho ni kipindi kimoja. Sasa mweke mbele ya darasa la watoto 90, ambapo mwongozo unasema 45. Halafu mvua inanyesha juu ya bati lisilo na dari. Haongei tena, anapiga kelele, na kadiri unavyopaza sauti ndivyo nyuzi zinavyogongana kwa nguvu. Zikivimba, sauti inakauka. Zikiendelea kuumizwa bila kupumzika zinaweza kuota sugu, kama kiganja cha mlimaji.

Hapa ndipo tiba za mtaani zinapoingia: yai bichi, asali na limao, tangawizi. Na kwa vumbi la chaki, maziwa. Maziwa yana heshima ya pekee kwenye ofisi za walimu. Nimewasikia wakisema kwa uchungu kabisa kwamba serikali ingewapa walau nusu lita kila siku kusafisha kifua. Nawaelewa, lakini mwili haukujengwa hivyo. Kooni kuna njia mbili, ya chakula na ya hewa. Unapomeza, kifuniko kidogo hufunga njia ya hewa ili chakula kisipotee. Kikichelewa ndipo unapaliwa. Vumbi la chaki limeingia njia ya hewa, maziwa yanaingia njia ya chakula, hayakutani. Hata asali haigusi nyuzi sauti, ingawa inatuliza koo juu yake na hakuna ubaya kuila. Kinachozisaidia nyuzi zenyewe ni maji yaliyonywewa tangu mapema, yakafika mwilini kote, na kupumzika. Ukinong'ona kwa kukaza koo ukidhani unapumzisha sauti, unaichosha, bora kunyamaza. Filimbi, makofi ya mpangilio, au kumwachia mwanafunzi asome kwa sauti kutakuokolea maelfu ya migongano. Na sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, hiyo si ya tangawizi tena. Muone daktari wa masikio, pua na koo.

Chaki yenyewe ina hatia kiasi gani? Chaki nyingi zimetengenezwa kwa jasi au chokaa. Maswa, mkoani Simiyu, vijana wameanzisha kiwanda cha chaki, na jasi tunachimba wenyewe, Makanya kwa mfano. Vumbi lake linawasha macho na pua, linakausha koo, na mwenye pumu linaweza kumbana. Haliwezi kukupa kifua kikuu. Kifua kikuu kinaletwa na bakteria, na tangu Robert Koch awatambulishe tarehe 24 Machi 1882 hakuna aliyewapata wakizaliwa ndani ya chaki. Wanatoka kwenye kifua cha mtu mgonjwa anayekohoa na wanapenda chumba chenye watu wengi na hewa iliyotuama. Kwa hiyo mwalimu anayeogopa chaki na kufunga madirisha ya darasa la watoto 90 kwa sababu ya baridi amekosea adui. Afungue madirisha, afute ubao kwa kitambaa chenye unyevu, na akikohoa wiki mbili apime makohozi.

Rudi kwenye ofisi ile ya walimu. Muuguzi alifunga mkanda kwenye mkono wa mwalimu wa kwanza, akasoma, akatangaza kama anayeita mahudhurio: "Mia na sitini na nne kwa mia na mbili!" Ofisi nzima ikageuka. Mwalimu akacheka kwa aibu, na wanne waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakakumbuka ghafla kwamba wana madaftari ya kusahihisha.

Namba hizo mbili ndizo watu wanaziuliza sana, kwa hiyo tuzieleze. Damu iko kwenye mabomba. Ya juu ni msukumo moyo unapopiga, ya chini ni msukumo moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Zikifika 140 kwa 90 au zaidi, zikarudiwa siku nyingine na kukuta vilevile, hiyo ni shinikizo la juu la damu. Kipimo cha mara moja, umetoka kuchapa mbio na darasa la pili, hakitoshi kuhukumu. Uzushi mbaya kuliko wote unasema ukianza dawa huachi, kwa hiyo bora usianze. Kweli, wengi wanazitumia maisha yao yote. Lakini ugonjwa ndio wa maisha yote, dawa inaufuata. Mabomba yakiendelea kusukumwa hivyo kimyakimya, siku moja linapasuka au kuziba kwenye ubongo, na mtu anaamka upande mmoja umelala. Presha haina maumivu ya kukuonya. Unaijua kwa kupima tu. Na chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kwa kila kitu, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate na kwenye chipsi za mapumziko.

Lile la kutangaza namba mbele za watu ni kosa lililoharibu zoezi zima. Mtumishi anaogopa mambo mawili: kucheka kwa wenzake na barua kutoka halmashauri. Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima na kutoa siri ya majibu yake, na busara hiyohiyo inafaa kwa sukari na presha. Mwaka 2014 Ofisi ya Rais, Utumishi, ilitoa mwongozo wa kudhibiti VVU, UKIMWI na magonjwa sugu yasiyoambukiza mahali pa kazi katika utumishi wa umma. Unamtaka mwajiri aelimishe watumishi, ahamasishe upimaji wa hiari na atenge fedha. Mwaka huohuo, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilitoa na wenzake mfano wa shule yenye afya wenye nguzo 10, na mojawapo ni afya ya watumishi wenyewe. Hata hilo si jipya. Pendekezo la kimataifa kuhusu hadhi ya walimu, lililopitishwa Paris tarehe 5 Oktoba 1966, siku tunayoiadhimisha sasa kama Siku ya Walimu Duniani, lilishasema walimu wapimwe afya mara kwa mara bila malipo. Kwa hiyo mwalimu akimuuliza afisa utumishi wa halmashauri yake mwongozo wa 2014 umetengewa shilingi ngapi mwaka huu, hajaomba fadhila. Ameuliza kilichoandikwa.

Kuna uchovu ambao mashine ya presha haiuoni. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi uchovu uliokithiri wa kazi: nguvu zimekwisha, moyo umejitenga na kazi au umeichukia, na mtu anahisi hafanyi chochote cha maana. Shirika halikuuita ugonjwa. Liliuita hali inayotokana na msongo wa kazini ambao haujashughulikiwa. Mwalimu aliyechoka kawaida ni simu iliyoisha chaji: akilala Ijumaa, Jumatatu yuko sawa. Mwenye uchovu huu ni simu ambayo betri haishiki chaji tena. Amelala likizo nzima na siku ya kufungua shule amechoka vilevile. Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ni jambo jingine. Inamfuata mtu mpaka nyumbani, kanisani, msikitini, kwenye harusi ya mdogo wake, na inahitaji mtaalamu. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikaze ni ukatili, hata kama tunasema kwa upendo.

Na deni. Mtu akiandika kuhusu afya ya walimu akaruka mikopo ya kausha damu, hajakaa nao. Utaratibu wa utumishi unataka mshahara unaobaki baada ya makato usipungue theluthi moja, lakini mkopeshaji wa mtaani hapiti kwenye makato, anachukua kadi ya benki na namba ya siri. Tarehe ya mshahara anatoa yeye, anakuachia kilichobaki. Mwalimu huyo halali, hali vizuri, dawa ya presha anaruka siku kwa sababu hana nauli ya kuifuata, na akiingia darasani ana hasira ambayo watoto hawajaitafuta. Saccos, yaani chama cha kuweka akiba na kukopa, yenye uaminifu shuleni au kwenye kata ni huduma ya afya kuliko watu wanavyodhani.

Kinachofanyika mara nyingi badala ya hayo yote ni bonanza. Fulana, mbio za asubuhi, kuvuta kamba, mgeni rasmi. Sina ugomvi na mazoezi; dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukutoa jasho ni dawa kwa moyo, sukari na usingizi. Ila kuna watu waliopima jambo hili vizuri. Marekani, matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalilinganisha matawi ya kampuni moja ya maduka yenye wafanyakazi wapatao 33,000: matawi kadhaa yalipewa programu ya afya, mengine hayakupewa. Baada ya miezi 18 waliopewa walisema wanafanya mazoezi zaidi na wanaangalia uzito, lakini presha, lehemu (mafuta kwenye damu), gharama za matibabu na siku za kutokuja kazini hazikutofautiana na za wengine. Uingereza, mwaka 2024, uchambuzi wa wafanyakazi zaidi ya 46,000 uliona kwamba mafunzo ya kustahimili msongo na programu za simu za kutuliza akili hazikuwaacha washiriki wakiwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Ukimfundisha mtu kuvumilia mzigo bila kugusa mzigo, mzigo uko palepale.

Kwa shule, kugusa mzigo ni ratiba isiyompa mwalimu mmoja vipindi sita mfululizo akiwa amesimama. Ni kiti darasani. Misuli ya ndama ndiyo pampu inayorudisha damu juu, na ukisimama bila kutembea pampu imezima, miguu inavimba, mishipa inatokeza. Ni mwalimu mkuu kuacha kutuma maagizo kwenye kundi saa nne usiku akitaka takwimu saa moja asubuhi. Ni kupima kila muhula, mmoja mmoja, chumba kimefungwa. Mengi ya haya hayasubiri bajeti ya Dodoma.

Nimekuwa nikisema mwalimu, mwalimu, na hapo nimerudia kosa la wengi. Shule ina mlinzi anayekesha, ina mfagiaji, ina mpishi wa uji. Mara nyingi hao wanalipwa kwa michango ya wazazi, hawamo kwenye orodha ya mishahara ya halmashauri, hawana kadi. Kati ya wote, mpishi ndiye ambaye kazi inamwingia mwilini waziwazi zaidi: moshi wa kuni kwa muda wa saa nne, tano kila siku, kwenye kibanda cha mabati chenye tundu moja. Moshi huo unaharibu njia za hewa polepole na unaongeza hatari ya magonjwa ya moyo, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa sigara. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati hiyo ifikapo 2034. Mara nyingi tunaueleza mkakati huo kwa miti inayookolewa. Miti ni sawa, lakini chini ya ule moshi kuna mtu.

Siku ile muuguzi alikuwa anafunga mashine yake, mpishi akasimama mlangoni akifuta mikono kwenye kanga. "Shikamoo mama," muuguzi akamwambia. "Marahaba mwanangu. Na sisi mnatupima?" Akamkalisha, safari hii akageuza mashine upande wake na kusoma kimya. Akaipima tena. Kisha akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana kadi. "Mimi si mwalimu, mwanangu. Mimi napika uji." Muuguzi akachana karatasi kwenye daftari la hesabu, akaandika namba mbili na neno Jumatatu, akamwambia aje zahanati mapema kabla hajawasha moto. Yule mama akaikunja karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kibandani kwake, maana kengele ya darasa la kwanza ilikuwa imeshalia.